Miaka Tisa Nikichambua Kiini

Wadogo zangu mnaobaki, kama mpo: mimi nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Msicheke. Wastaafu wenzangu hapa Bugene wana mvi, fimbo, na kikao chao cha chai cha saa nne. Mimi nina mtoto wa darasa la nne anayesubiri nimsuke nywele. Lakini kazi niliyoifanya kwa miaka tisa imekwisha, na aliyeimaliza si mimi. Naandika sasa hivi nikiwa bado na hasira, kwa sababu hasira ikipoa nitaanza kutoa maneno ya hekima, na maneno ya hekima hayajawahi kutengeneza kompyuta hata moja.

Mshahara sitautaja. Wala cheo. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "yule dada mwenye mtoto mgongoni", cha mwisho kilikuwa "yule mama mkali". Hapo katikati hakuna barua yoyote ya kupandishwa.

Kazi yenyewe naieleza kwa lugha ya watu. Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja inayokaa chini ya nyingine zote. Hiyo ndiyo inayoongea na vyuma: kitufe unachobonya, spika, skrini, waifai. Sisi tuliiita kiini. Kiini tulichokuwa tunatumia kimeandikwa na watu wengi wa dunia nzima, na maandishi yake yako wazi. Ukitaka kuyasoma utayasoma, ukitaka kuyabadili utayabadili. Ila watengenezaji wa vyuma wamepenyeza mabonge humo ndani. Bonge ni furushi la namba tupu. Halisomeki. Aliyelitengeneza anajua linafanya nini, wewe hujui, na hutakiwi kujua. Kila kiini kipya kilipotoka, kazi yangu ilikuwa kukichambua, kutoa mabonge yote, kukipika upya kikiwa safi, yaani kuyageuza maandishi yawe kitu ambacho mashine inaweza kuwaka nacho, na kukiweka kwenye mkusanyiko wetu wa programu.

Mkusanyiko wetu tuliuita Kamwani. Mtu wa Karagwe hahitaji kuelezwa kwa nini, lakini kama umetoka mbali: ukiingia nyumba yoyote huku, hata ya fukara, unaletewa kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, unachukua punje mbili tatu, unatafuna. Huulizwi utarudisha lini. Huambiwi kwamba kuanzia mwezi ujao hutaruhusiwa kutafuna. Hiyo ndiyo kamwani, na sisi tulitaka kompyuta ziwe hivyo hivyo. Tulikuwa wajinga, lakini jina lilikuwa zuri.

Nilivyoanza. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, halafu nikampata Koku. Baba yake alikwenda Mwanza kutafuta kazi. Nadhani bado anaitafuta. Nilikuwa nachambua kahawa kwenye ghala moja hapa karibu. Mnakaa wanawake mstari mzima, kahawa imemwagwa mezani, mkono unatembea wenyewe: nyeusi tupa, iliyovunjika tupa, iliyotobolewa na mdudu tupa. Msimamizi alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota: ukitilia shaka, tupa. Punje moja iliyooza inanukisha gunia zima, na gunia likinuka hakuna anayekuuliza ilikuwa punje ipi.

Siku moja nilikwenda Kayanga kudurufu kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye duka la vifaa vya ofisi la Dada Jovitha. Dada Jovitha alikuwa mtu wa Muleba, Mlutheri wa benchi la mbele. Aliwahi kuwa karani serikalini, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, alichoka kuandika barua za kuomba ruhusa ya kuandika barua.

"Shikamoo, dada. Naomba kudurufu kadi ya mtoto."

"Marahaba. Subiri, mashine ina kazi."

Kwenye skrini mistari ya maandishi ilikuwa inapita, mingi, kama mchwa wamechokozwa. Sikuelewa hata neno. Lakini macho yamezoea.

"Dada, samahani. Huo mstari uliopita, mbona haufanani na wenzake?"

"Upi?"

"Umeshapita. Wenzake wana maneno. Wenyewe una namba tupu."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Koku mgongoni, kama vile mmoja wetu ndiye aliyesema na yeye hana hakika ni nani. Akarudisha maandishi nyuma. Ulikuwa bonge. Programu yake ya kuchuja, ambayo tuliiita Chekeche, ilikuwa imelipita bila kuliona.

"Kompyuta umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nachambua kahawa."

"Kesho uje," akasema. "Na huyo mtoto uje naye, ana adabu kuliko wateja wangu."

Kesho yake, kabla hajanionyesha kitu chochote, alinieleza habari za Mwalimu Laurean. Na ninyi nawaeleza kabla ya kitu chochote, kwa sababu habari yangu yote ni yake. Mwalimu Laurean anafundisha historia na Kiswahili sekondari kule Bweranyange. Macho yaliondoka na surua akiwa mdogo. Wafadhili walimpa kompyuta yenye programu inayosema: unabonya kitufe, inakusomea kilichoandikwa. Mwalimu akaanza kutunga mitihani yake mwenyewe, kusoma barua zake mwenyewe, bila kumwomba mtu amsomee. Halafu Jumatatu moja ikanyamaza. Haikuharibika. Umeme ulikuwepo, spika zilikuwa nzima. Ni kibali cha ile programu tu kilikuwa kimekwisha muda wake, na kampuni iliyoiuza ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni nyingine.

"Elewa vizuri, Editha," Dada Jovitha alisema. "Kuna mtu mahali fulani, hajui kama Bweranyange ni kijiji au ni ugonjwa, amemfunga Mwalimu mdomo na macho kwa mara ya pili. Sisi tunatengeneza mashine ambayo hakuna wa kuifunga mdomo. Basi. Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni kubonya vitufe."

Na mashine waliyomtengenezea ilikuwa inasema, kweli. Ndani ya kiini kuna sehemu ndogo inayosoma herufi za kwenye skrini na kuzipeleka kwenye sauti. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtalii. Mwalimu aliiita "Shemeji", kwa sababu ilikuwa inakaa kwake bila kuchoka na kuongea bila kuombwa. Lakini ilikuwa yake. Kila neno lililoifanya iseme liliandikwa mahali ambapo mimi na wewe tungeweza kulisoma.

Nyumbani sikueleweka. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaniuliza hiyo kazi mpya ni ya nini.

"Ya programu huru, mama."

"Huru? Zilikuwa zimefungwa wapi?"

"Maana yake mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzifungua, kuzibadili."

"Ahaa. Za bure."

"Siyo bure. Huru."

"Wewe unalipwa?"

"Hapana."

"Basi ni bure," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Kiswahili kimetuonea hapo, wadogo zangu. Bure ni kitu kisicho na bei, na bure ni kitu kisicho na faida, na neno ni hilo hilo moja. Miaka tisa nilisimama mbele ya walimu, mapadri, makarani wa vyama vya kahawa mpaka kule Nkwenda, Kyerwa, nikisema huru, huru, huru, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa adabu akasema, "Ndiyo, tumeelewa, ni za bure."

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu. Cha kwanza, kompyuta kubwa ya mezani iliyokuwa na feni iliyolegea, nikaifunga kwa kamba ya mgomba, ikatulia. Cha pili, Chekeche. Cha tatu, daftari la kaunta ambamo Dada Jovitha aliandika kila bonge alilotoa, lilikuwa wapi na kwa nini limetoka. Hapo kwenye "kwa nini" mtapaona tena.

Kupika kiini kulichukua siku nzima ya kazi. Nilikuwa nikimpeleka Koku shule ya awali, naanza. Saa tano mashine inaunguruma, duka lina joto, wateja wanauliza kama tunaoka mikate. Umeme ukikatika saa saba, unaanza upya. Wiki moja ya mvua nilianza upya mara sita. Kama huna subira usiifanye kazi hii. Mimi sikuwa na subira, nilikuwa na ukaidi tu, na ukiuangalia kwa mbali unafanana nayo.

Chekeche lilikuwa linakusanya vilivyo wazi kwamba ni mabonge na kuvitupa. Palipo na mashaka, lilisimama na kukuuliza: liache au tupa? Maana namba nyingi zikikaa pamoja si lazima ziwe bonge. Zinaweza kuwa jedwali la halali. Hapo ndipo panapohitaji mtu.

Mwaka wa tatu Dada Jovitha alikwenda kwao Muleba kwenye msiba, akaniachia kiini peke yangu kwa mara ya kwanza. Chekeche likasimama kwenye faili moja. Jedwali refu la namba, safu kwa safu, lina mstari mmoja tu wa maelezo juu yake, wa Kiingereza, unaosema jedwali hili limezalishwa kutoka faili lingine. Mtu makini angekwenda kulitafuta hilo faili lingine. Mimi nilikaa pale, mkono uko kwenye kitufe, na mkono wangu ulikuwa bado uko ghalani. Ukitilia shaka, tupa. Nikatupa. Kwenye daftari nikaandika: "Editha, limetupwa." Kwa nini, sikuandika. Nilijisikia msafi. Nikakipika kiini, nikakiweka kwenye flashi, nikampa dereva wa bodaboda ampelekee Mwalimu.

Jumanne yake, saa nne asubuhi, bodaboda ikasimama mbele ya duka. Akashuka Mwalimu Laurean, kompyuta imefungwa kwenye gunia la kahawa kifuani, ameikumbatia kama mgonjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni Mama Koku? Afadhali nimekusikia." Akakaa. "Mwenzangu, Ijumaa nimeweka kile kiini chako. Mashine ikawaka, naisikia feni yake. Nabonya, kimya. Nabonya, kimya. Nikafikiri: basi, na masikio nayo yamekwenda. Nikamwita mke wangu, nikamwambia, hebu nitukane kidogo nisikie."

"Akakutukana?"

"Alikuwa na akiba. Mpaka nikamwomba aache."

Alicheka yeye. Mimi sikuweza. Lile jedwali lilikuwa ndilo linaloiambia mashine kitufe gani kikibonywa isome nini. Halikuwa bonge. Lilikuwa kidole cha Mwalimu, na mimi nilikikata. Alikuwa na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne wa kutunga, na ilibidi amwombe mwalimu mwenzake amwandikie, na wanafunzi wakajua, na wakacheka kidogo, kama watoto wanavyocheka. Hilo hakuniambia siku ile. Aliniambia baada ya miaka.

Nilimwambia ukweli palepale. Nikamwambia si kampuni, si kibali, si umeme, ni mimi.

"Unaweza kurudisha?"

"Naweza. Maandishi yapo."

"Basi tofauti ni hiyo," akasema. "Wale wa kibali niliwaandikia barua tatu." Akaingiza mkono mfukoni akatoa kikaratasi chenye kamwani, akanyoosha kiganja upande wangu. "Chukua. Tafuna, ufanye kazi."

Nilirudisha jedwali, nikapika, na keshokutwa yake Shemeji akasema. Kutoka siku hiyo sheria yangu ikabadilika, na kama kuna kitu kimoja mtakachokibeba kutoka kwangu, kibebeni hiki: ukitilia shaka, uliza. Kahawa haina mtu ndani. Msimbo, yale maandishi ya programu, una mtu ndani, na humwoni.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Alikuja Erasto. Kijana wa Bukoba, mchangamfu, mikono myepesi, amesoma chuo. Simsemi vibaya, alifanya kazi. Wakati huohuo shule zetu zikaanza kupokea laptopu za msaada, zile zenye stika kubwa ya mfadhili mgongoni. Tuliweka Kamwani, ikawaka vizuri, kila kitu sawa, isipokuwa waifai. Chuma cha waifai cha laptopu zile hakikubali kuamka bila bonge la kiwandani. Kwa kiini changu kilikuwa maiti. Nilijaribu vifaa vya waifai vya kuchomeka pembeni, vile ambavyo havina bonge. Cha kwanza kikafanya kazi nikaruka kama mtoto. Nikaagiza vingine, boksi lile lile, jina lile lile, rangi ile ile, na ndani mtengenezaji alikuwa amebadilisha chuma bila kumwambia mtu. Vilikuwa maiti vyote. Niwaambie kitu: mtu aliyeamua kuuza vitu viwili tofauti kwa jina moja, mimi nikikutana naye, Mungu anisamehe mapema.

Tulikaa kikao dukani, watu watatu, Koku anachora chini ya meza.

"Mama Koku," Erasto alisema, "watoto wanataka intaneti. Hawataki dini."

"Nani kasema dini?"

"Wewe. Usafi, uchafu, najisi. Kiini chenye mabonge kipo tayari, kimepikwa na watu, kinashuka kwa dakika kumi. Wewe unakaa siku nzima unapika ili mashine ifanye mambo machache zaidi."

"Na siku wenye bonge wakiamua halifanyi kazi tena?"

"Siku hiyo tutajua la kufanya."

"Utafanya nini, Erasto? Utalifungua kwa kisu?"

"Dada Jovitha, mwambie huyu. Usafi wake si ndio uliomnyamazisha Mwalimu?"

Hapo alinishika pabaya. Nikamtazama Dada Jovitha. Alikuwa amechoka, mama yake kule Muleba alikuwa kitandani, yeye ndiye aliyekuwa akitegemewa. Akasema tuwe na vyote viwili, kiini cha Erasto na kiini cha Editha, na watu wachague. Ilisikika kama haki. Wadogo zangu, mkisikia "watu wachague" jueni upande mmoja umeshashindwa. Kipi utachagua wewe, chenye waifai au kile ambacho yule mama mkali anakueleza kwa nusu saa kwa nini hakina?

Mwaka uliofuata Dada Jovitha alirudi kwao moja kwa moja. Aliniachia daftari la kaunta na neno moja: "Usiache Bweranyange." Duka likawa la Erasto.

Niliendelea. Shule ya Nyakasimbi iliniacha kwanza. Halafu ofisi ya parokia moja, paroko akaniita "mwanangu" mara nyingi sana katika sentensi moja, nikajua. Halafu yule karani wa Nkwenda, ambaye hata hakuniambia. Nilifika na flashi yangu, nimepigwa na vumbi la Kyerwa mpaka kope, nikakuta skrini yake ina kiini cha Erasto na muziki unacheza. "Karibu kamwani, mama," akasema, akaleta kikapu. Nilitafuna. Ungefanya nini?

Miaka miwili ya mwisho kiini changu kilikuwa na mtumiaji mmoja. Namaanisha mmoja, Mwalimu Laurean. Nilikuwa nachambua maandishi ya maelfu ya watu wa dunia nzima, napika siku nzima nyumbani kwetu kwenye ile kompyuta yenye kamba ya mgomba, kwa ajili ya mzee mmoja na Shemeji yake. Koku alizoea. Wenzake darasani walipoulizwa mama zao wanafanya kazi gani, yeye alisema, "Mama yangu anapika kiini cha Mwalimu." Mwalimu wake akanitumia ujumbe kuuliza kama mtoto anamaanisha yai.

Na sikuwa na huzuni, mjue hilo. Nilikuwa nimeridhika. Mashine moja ambayo hakuna wa kuifunga mdomo. Dada Jovitha alisema hiyo ndiyo kazi, na kazi ilikuwa inafanyika.

Mwezi uliopita nilipika kiini kipya, nikapanda bodaboda kwenda Bweranyange. Mvua ilikuwa imeharibu njia, mara mbili tulishuka tukasukuma. Nilifika nina tope mpaka magotini. Mwalimu alikuwa barazani, akanitambua kwa hatua.

"Mama Koku! Karibu, karibu ndani. Leo nina kitu cha kukuonyesha."

Mke wake akaleta kikapu cha kamwani. Mwalimu akanyoosha mkono mezani, akabonya kitufe, na kompyuta ikasema. Ila hakuwa Shemeji. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, tamu, Kiswahili kinateleza kama cha redio. Mezani palikuwa na laptopu mpya, nyembamba, yenye stika ya mfadhili.

"Wameleta shuleni," alisema. "Wamenipa na mimi. Sikiliza anavyosoma, hata koma anazitii! Nilitaka kukupigia simu, nikaona aibu. Wewe umehangaika mno na Shemeji."

"Shemeji yuko wapi?"

"Walikuja na lori la kukusanya vitu chakavu. Madawati yaliyovunjika, mashine za zamani. Ilikuwa kwenye orodha ya shule. Niliweka dole gumba."

Nilichukua punje mbili nikatafuna ili mdomo uwe na kazi. Nikamwambia inasema vizuri, Mwalimu, hongera. Na nilikuwa namaanisha. Alikuwa na furaha usoni ambayo Shemeji hakuwahi kumpa. Akabonya tena kunisomea kitu alichoandika. Sauti ile tamu ikasoma mistari miwili, ikasimama, na kwa Kiingereza kizuri kabisa, bila kubadilisha furaha yake, ikasema zimebaki siku kumi na nane za majaribio.

"Hilo amelianza wiki hii," Mwalimu alisema. "Kila siku anapunguza moja. Mimi nimedhani ni tangazo."

Mke wake aliniangalia. Yeye alikuwa ameshaelewa, nadhani, kwa uso wangu.

"Mwalimu," nikasema, "siyo tangazo."

Mchana kutwa nilihangaika na ile laptopu. Nilikuwa na kiini safi mfukoni, chenye jedwali la vitufe ndani, nilichokipika kwa ajili ya nyumba hii. Haikukubali kukiwasha. Imefungwa kwa neno la siri ambalo shule haina. Liko kwa waliotoa msaada, na barua inayoambatana inasema ni kwa usalama wetu. Nilipiga namba iliyo kwenye stika. Inaita tu. Nilimpigia Erasto, nikameza kiburi chote, akaja na pikipiki siku ya pili, akahangaika saa nzima, jasho linamtoka, akafunga laptopu taratibu.

"Hii siwezi, Mama Koku," akasema. "Hii hata sijui naanzia wapi."

"Ulisema siku hiyo mtajua la kufanya."

Sikufurahi. Nilifikiri ningefurahi.

Na ile kompyuta ya zamani tumeitafuta. Mwenye lori alishaipasua kwa ajili ya shaba.

Kabla sijaondoka Mwalimu aliniuliza kitu ambacho kwa miaka tisa hakuwahi kuuliza. "Mama Koku, hii kazi yote, kuchambua, kupika, kuja huku na tope. Kulikuwa na mtu anakulipa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa hiyo yote ilikuwa bure."

Sikujua amemaanisha bure ipi. Sikuuliza, na hapohapo nikajua nimestaafu.

Flashi ya mwisho nimeiacha kwake, ndani ya kile kikapu, chini ya punje. Daftari la kaunta liko kwangu Bugene, ulizeni kwa Mama Koku. Chekeche bado linafanya kazi. Yeyote kati yenu atakayepata mashine yoyote, hata yenye feni iliyolegea, ilimradi inakubali kufunguliwa, aende Bweranyange. Atakaribishwa kamwani. Apapase chini.

Mimi nabaki na kazi moja ndogo. Kila siku saa kumi jioni nampigia Mwalimu simu. Anaiweka karibu na laptopu, anabonya, na tunasikiliza wote wawili. Jana ilisema nne. Leo itasema tatu, kwa sauti ile ile tamu. Ikishafika mwisho nitapiga kama kawaida, Mwalimu ataiweka simu pale mezani, atabonya, na mimi nitasikia kidole chake tu.